Hiace ikigonga mbele: jua kilicholika kabla ya kununua spea

Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba inajulikana kwa kona zake 57. Gari linapopanda, kona hizo hula mafuta na klachi. Linaposhuka likiwa na abiria na magunia ya viazi, uzito huegemea mbele: kwenye breki, kwenye usukani na kwenye vyuma vidogo vinavyoshika matairi ya mbele. Kimoja kati ya vyuma hivyo kikiachia kwenye kona, dereva anaweza kukata usukani na tairi lisimfuate.

Mara nyingi vyuma hivi hutoa taarifa kabla ya kuachia. Gari huanza kugonga, usukani hulegea, tairi huliwa upande mmoja. Tatizo ni kwamba taarifa hizo hupuuzwa, au husomwa vibaya. Mwenye gari hununua shokapu mbili mpya, fundi anazifunga, na jioni gari linagonga vilevile kwa sababu kilichokufa kilikuwa kitu kingine.

Makala hii inaeleza namna ya kujua kilicholika kwenye Hiace ya zamani na namna ya kukibadilisha. Ni kwa ajili ya mwenye gari, dereva na fundi, lakini hata abiria atapata la kumsaidia.

Vyuma vyenyewe

Kwenye Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo injini, dereva na abiria wanaokaa naye vyote vinabebwa na sehemu ya mbele. Ndiyo maana vyuma vya mbele huchoka mapema kwenye barabara ya mashimo.

Kila tairi la mbele linashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Mwisho wa kila mkono, upande wa tairi, pana boljointi. Hiki ni kichwa cha mviringo kama gololi kilichokaa ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mpira. Boljointi inaliwezesha tairi kupanda, kushuka na kugeuka kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa mkono, kwenye fremu ya gari, kuna bushi, ambazo ni mipira iliyovikwa chuma.

Tairodi endi ndiyo inayosukuma na kuvuta tairi unapokata usukani. Shokapu inazuia gari lisiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, nayo ina bushi na linki zake.

Adui mkubwa wa boljointi na tairodi endi ni mpira uliochanika. Masika maji na tope huingia na kuitoa grisi. Kiangazi vumbi huingia na kukaa mle ndani kama msasa. Kuanzia hapo chuma kinasuguana na chuma, na kila safari inaongeza ulegevu.

Sikiliza na tazama

Dalili moja peke yake haitoshi kukata hukumu, ila inakuonyesha pa kuanzia.

Mlio wa "tak tak" kwenye vijishimo vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni linki au bushi za stabilaiza. Mlio mzito wa "gudu" unapopita shimo kubwa au unapofunga breki huenda ni boljointi au bushi za mikono. Mlio wa mkwaruzo unapokata usukani gari likiwa limesimama unaelekeza kwenye boljointi iliyokauka grisi.

Usukani ukiwa na nafasi kubwa kabla tairi halijaanza kugeuka, shuku tairodi endi au viungo vingine vya usukani. Gari likiendelea kudunda baada ya kuvuka tuta, au mafuta yakiwa yamevuja kwenye mwili wa shokapu, basi shokapu imechoka.

Tazama na matairi. Tairi lililoliwa upande wa ndani tu au wa nje tu linaonyesha kwamba halisimami sawa. Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka linaonyesha kwamba lilikuwa linadunda badala ya kukanyaga barabara.

Pima kabla ya kununua

Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Weka gia, vuta hendibreki, na ukinge matairi ya nyuma kwa magogo au mawe makubwa. Inua upande mmoja wa mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya fremu. Usimwache mtu aingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Usitumie mawe yaliyopangwa badala ya stendi, maana jiwe hupasuka bila onyo.

Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukiisha, kinacholegea huenda ni beringi ya tairi. Ukibaki, angalia boljointi.

Sasa shika tairi kushoto na kulia, ulitikise huku mwenzako akitazama chini kwa tochi ya simu. Tairodi endi iliyokufa utaiona: fimbo inasogea lakini kiungo kinachelewa kuifuata.

Kwa boljointi, ingiza mtaimbo chini ya tairi na uliinue taratibu. Fanya hivyo mara mbili: mara ya kwanza gari likiwa limekaa kwenye stendi na tairi linaning'inia, mara ya pili jeki ikiwa chini ya mkono wa chini. Sababu ni kwamba boljointi iliyobanwa na nguvu ya springi inaweza kuficha ulegevu wake. Kiungo kinachoficha kwenye kipimo cha kwanza huweza kujulikana kwenye cha pili.

Mwisho, kagua kila mpira. Mpira uliochanika kwenye boljointi ambayo bado ni ngumu unakupa muda wa kujipanga. Boljointi inayocheza haikupi muda huo. Gari lisishuke mlima kabla haijabadilishwa.

Kununua spea

Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, au na picha yake pamoja na namba ya chesisi. Hiace zina matoleo mengi, na boljointi mbili zinaweza kufanana kwa macho lakini zikatofautiana kwa unene wa shina. Kama unasafiri hadi Makambako, Njombe au Mbeya kutafuta spea, kosa dogo la namba ni nauli nyingine na siku nyingine bila kazi.

Boljointi mpya inapaswa kuwa ngumu kuisogeza kwa mkono, na isogee kwa ulaini bila kukwama wala kuwa na mchezo. Mpira wake usiwe na nyufa. Iwe na nati yake na pini yake. Maandishi kwenye boksi yakiwa na herufi zilizokosewa, au bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, jiulize mara mbili. Omba risiti yenye jina la duka. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya namna hiyo, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Bushi na shokapu za mtumba zina umri usioujua. Boljointi ya mtumba ni bahati nasibu. Na boljointi iliyokufa haitengenezwi kwa kuchomelea: moto huharibu ugumu wa chuma na huunguza kila kilicho laini ndani yake. Inaweza kukaza kwa wiki mbili, halafu ikakatika.

Kubadilisha kwa utaratibu

Siku moja kabla, safisha tope na upulizie nati mafuta ya kulegeza kutu. Kabla ya kuinua gari, pima kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi la mbele, uandike. Utahitaji vipimo hivyo mwishoni.

Hapa pana hatari inayopaswa kueleweka vizuri. Hiace nyingi hazina springi ya kuzunguka mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, ambayo mafundi huiita tosheni baa. Hata gari likiwa juu ya stendi, fimbo hiyo inaweza kuwa na nguvu iliyojikaza. Ukifungua boljointi bila kuzuia mkono wa chuma, mkono unaweza kuruka na kuvunja mfupa. Kwa hiyo jeki ya pili ishike mkono wa chini muda wote wa kazi. Ukilazimika kulegeza tosheni baa, weka alama ya rangi na uhesabu nyuzi za bolti yake ya kurekebishia kabla ya kuigusa.

Noah za zamani zimejengwa tofauti. Springi na shokapu zimeshikana pamoja, na springi imebanwa. Nati ya juu katikati isifunguliwe bila kifaa maalumu cha kubana springi. Kama fundi hana kifaa hicho, kazi hiyo ipelekwe kwa mwenye nacho.

Ukitoa kifaa cha breki, kifunge kwa waya kwenye fremu. Kisining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwa sababu mpira ukichanika ndani hutauona kwa nje.

Toa pini, legeza nati ya boljointi lakini usiitoe yote. Tumia pula kuachanisha shina. Kama pula hakuna, gonga kwa nyundo ubavu wa chuma kilichoshika shina. Usigonge ncha ya shina. Nati iliyobaki kwenye nyuzi itazuia vyuma visiruke vinapoachana.

Safisha tundu hadi liwe kavu, bila grisi wala kutu, kisha ingiza boljointi mpya. Kaza nati kwa kipimo cha gari hilo. Tundu la pini lisipokutana na mkato wa nati, kaza kidogo zaidi hadi vikutane. Usilegeze kutafuta tundu. Weka pini mpya kila mara. Pini ya zamani iliyokunjuliwa na kukunjwa tena hukatika.

Kwa tairodi endi, weka alama ya rangi kwenye nyuzi na uhesabu mizunguko unapoitoa. Mpya iingie kwa mizunguko ileile. Hilo halikuondolei haja ya kupima matairi, lakini litakuwezesha kufika kwenye mashine bila kumaliza tairi njiani.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja. Moja mpya na moja iliyochoka hulifanya gari livute vibaya linapofunga breki kwenye mashimo.

Bushi zina siri yake. Bolti zake zisikazwe kabisa tairi likiwa linaning'inia. Zishike kwanza, shusha gari likanyage chini, litikise mara chache likae kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze mwisho. Bushi iliyokazwa tairi likining'inia hubaki imesokotwa kila gari linapokuwa chini, na huchanika muda mfupi tu baada ya kufungwa. Wenye magari wengi hulaumu spea, kumbe lawama ni ya ukazaji.

Baada ya kufunga

Rudia kupima kimo cha gari na ulinganishe na vipimo vya mwanzo. Kaza nati za matairi, kisha zikague tena baada ya safari ya kwanza. Jaribu gari bila abiria, mahali tambarare, kabla ya mlima. Kanyaga breki, kata usukani pande zote, sikiliza. Halafu lipeleke kwenye mashine ya kupima matairi, alaimenti. Kuikwepa gharama hiyo ni kuhamishia hela kwenye matairi, ambayo ni ghali zaidi.

Nani aseme, nani alipe

Dereva wa hesabu ndiye wa kwanza kusikia mlio, lakini hana hela ya spea. Tajiri ana hela, lakini hasikii mlio. Kati yao ndipo gari bovu linapoendelea kupakia. Njia moja ya kuwaleta pamoja ni daftari: dereva aandike tarehe, mlio ulivyokuwa na alipousikia, tajiri atie saini. Kila mwezi wapime pamoja kwa mtaimbo na tochi, kama ilivyoelezwa hapa. Tajiri akiliona tairi likicheza kwa macho yake, maneno yanapungua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na kauli ya "bosi ameniambia nimalizie wiki" haimwokoi dereva. Kwa magari ya abiria, LATRA na polisi wa usalama barabarani ndio wa kupelekewa taarifa.

Abiria naye ana masikio. Ukisikia gari linagonga kwa mlio mzito kila linapofunga breki, au ukiona dereva anazungusha usukani huku na huku kwenye njia iliyonyooka, muulize kwa heshima gari lilikaguliwa lini. Swali hilo liulizwe pale Matamba, kabla ya kuteremka.