Kioo cha Ukutani katika Nyumba za Mawe za Bagamoyo na Pwani Jirani

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza kioo cha kale cha ukutani kama pambo la nyumba za mawe za Bagamoyo na za pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam. Inachunguza pia jina lake, kwani mambo haya mawili hayatenganiki. Hoja inayotetewa ni kwamba kioo kikubwa kilichopamba kumbi za matajiri wa pwani katika karne ya 19 hakikuwa, hasa, chombo cha kujitazamia uso. Kilikuwa chombo cha kutazamwa. Wanaorudia kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii (na ni nani katika taaluma hii asiyeirudia?) huchukulia kwamba kazi ya kioo ni moja tu, nayo yajulikana. Kuta za pwani zatoa ushahidi mwingine.

2.0 Neno na upungufu wake

Katika Kiswahili, neno kioo hutaja mata na pia hutaja chombo. Kioo cha dirisha humruhusu mtu aone upande wa pili. Kioo cha kujitazamia humrudishia sura yake. Vitu hivi viwili vinafanya kazi zinazopingana, lakini vina jina moja, na msikilizaji huachiwa muktadha umwamulie. Bilauri, neno lililotokana na jina la Kiarabu la jiwe angavu, limebanwa kimaana hata likabakia na chombo cha kunywea tu. Kioo halikubanwa hivyo.

Hali hii yafaa ilinganishwe na ile ya mlango. Mlango wa pwani una msamiati wake kamili: kizingiti, mwimo, mfaa, komeo, tarabe. Fundi akitaja mfaa, kila fundi mwenziwe anajua ni ubao upi. Kioo cha ukutani hakina utajiri huo. Mbao zinazokizunguka huitwa fremu, neno la mkopo, na ule utando wa nyuma unaorudisha mwanga hauna jina lililozoeleka. Mrithi akikuta katika orodha ya mali maneno “vioo vinne”, hana njia ya kujua kama ni vioo vya madirisha au ni vile vilivyopamba ukumbi.

3.0 Ukuta unaong'aa

Desturi ya kutia kitu king'aacho ukutani ni kongwe kuliko vioo vyenyewe. Katika magofu ya Kunduchi, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yalipambwa kwa sahani za kauri za Kichina zilizogandishwa katika chokaa. Nyingi zimekwisha ng'olewa, na mashimo yake ndiyo yanayoonekana. Huko Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, yapo pia makaburi ya nguzo na mabaki ya vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Ndani ya nyumba za mawe, hasa za Lamu na visiwa jirani, kazi hiyo ilifanywa na zidaka: safu za vishubaka vilivyochongwa katika plasta, vikawekwa sahani na mabakuli ambayo aghalabu hayakupakuliwa chakula.

Ushahidi ulio bayana zaidi juu ya vioo unatoka Unguja, ng'ambo ya mlango wa bahari ukiwa Bagamoyo. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza vyumba ambavyo kuta zake ziligawanywa kwa vishubaka vilivyojaa vyombo vya kauri na vya kioo, na baina yake vikawekwa vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, vikipanda kutoka kwenye viti vya chini hadi karibu na dari. Anaongeza kwamba picha hazikupendelewa kwa sababu za dini, ingawa ukali huo ulikuwa umeanza kulegea; saa, kwa upande wake, zilitafutwa sana.

Maelezo haya yanastahili kutafakariwa. Kioo kinachofika darini hakikupimwa kwa kimo cha mtu. Sehemu yake ya juu hairudishi uso wa yeyote. Inarudisha maboriti, taa, na sahani za ukuta wa pili. Mgeni aliyeketi aliiona mali ya mwenyeji wake mara mbili. Mahali ambapo picha ya mtu ilitiliwa shaka, kioo kiliujaza ukuta bila kuacha sura yoyote juu yake.

Linda Donley-Reid, akichunguza nyumba za Lamu, amedai kwamba vyombo vya kauri vilitumika pia kama kinga dhidi ya madhara yasiyoonekana. Kishawishi cha kuihamishia hoja hiyo kwenye vioo ni kikubwa, ila ni vema kujizuia. Jicho la hasidi halihitajiki ili kueleza kwa nini tajiri atake ukumbi wake ung'ae.

Njia za kuingizia vioo hivi zilikuwa wazi. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kampuni ya O'Swald ya Hamburg ikafungua tawi Unguja mwaka 1849. Pembe za ndovu zilizoshushwa Bagamoyo na wapagazi zilivuka bahari. Bidhaa za viwandani zikarudi kwa njia hiyohiyo.

4.0 Namna ya kuvitambua

Hadi katikati ya karne ya 19, kioo cha Ulaya kilitengenezwa kwa kulaza karatasi nyembamba ya bati, kuimwagia zebaki, kisha kuteremsha bamba la kioo juu yake. Mvuke wa zebaki uliwadhuru mafundi. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza njia ya kutandaza fedha halisi juu ya kioo, na kufikia mwisho wa karne hiyo njia ya zebaki ilikuwa imeachwa karibu kabisa.

Tofauti yake huonekana kwa macho. Kioo cha zebaki kina weupe wa kijivu unaoelekea samawati, na sura ndani yake ni ya gizagiza kidogo. Kikizeeka, utando wake hutoa vidoa vinavyometameta, na zebaki huweza kuteremka polepole hadi ukingo wa chini. Kwa hiyo kisilazwe kifudifudi wala kusuguliwa nyuma. Kioo cha fedha hurudisha sura angavu yenye ujoto wa rangi, na kikiharibika hufanya weusi kuanzia pembeni. Unyevu na chumvi ya kuta za matumbawe huviharibu vyote viwili.

Kuhusu mbao, vingine vilikuja na fremu zilizopakwa dhahabu, vingine vikatiwa mbao za kuchongwa za Kihindi. Vitanda vya samadari navyo vilitiwa vipande vya kioo, vingine vikiwa na michoro ya rangi. Kabati lenye kioo mlangoni ni jambo la baadaye, na hapo ndipo kioo kinaposhuka kufikia kimo cha mwili.

5.0 Kitu kisichokuwa na sheria

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Reli iliyoanzia huko mwaka 1905 ikauvuta msafara wa biashara. Nyumba nyingi za Bagamoyo zilipoteza wenyewe, na vilivyokuwamo vikatawanyika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Vioo havikutajwa kwa jina. Si ajabu: mlango umechongwa hapa, na kioo kimeletwa. Lakini hata sahani za Kunduchi zililetwa, na hakuna anayezihesabu kuwa za Uchina tu.

Madhara makubwa hayatokani na wanunuzi peke yao. Yanatokana na ukarabati wa nia njema, ambapo bamba lenye madoa hung'olewa, likatiwa jipya, na fremu ikahifadhiwa kana kwamba ndiyo kioo. Anayeorodhesha mali ya nyumba ya kale angefaa basi kuandika kioo cha zebaki au kioo cha fedha, na kando yake kimo chake kutoka sakafuni.