Muunganisho Usiofungwa: Kwa Nini Mfumo wa Hospitali Hukwama

Ni saa nne asubuhi. Foleni imefika mlangoni, na karani wa mapokezi anabofya jina la mgonjwa, lakini skrini haibadiliki. Mgonjwa hudhani faili lake limepotea; karani hudhani mtandao umekatika. Huenda wote wawili wamekosea.

Taarifa za mgonjwa hazikai katika kompyuta ya mapokezi, bali katika kanzidata iliyo kwenye seva. Kila faili linapofunguliwa, programu huomba muunganisho na kanzidata, huuliza, hupokea jibu, kisha hupaswa kuufunga. Miunganisho hiyo ina kikomo, kama vitanda vya wodi. Kanzidata ya MySQL, inayotumiwa na mifumo kama OpenMRS, huruhusu miunganisho 151 kwa wakati mmoja, isipokuwa msimamizi abadilishe idadi hiyo. Ikijaa, anayefuata hukataliwa, hata kama mtandao ni mzima.

Tatizo hutokea pale programu inapomaliza kazi bila kuufunga muunganisho. Ni sawa na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, lakini kitanda chake kikaendelea kuhesabiwa kuwa kina mtu. Katika lugha ya PHP, muunganisho wa kawaida hufungwa wenyewe programu ifikapo mwisho. Ule wa kudumu hubaki wazi ili utumiwe tena. MySQL, ikiachwa ilivyo, husubiri sekunde 28,800 kabla ya kukata muunganisho usiotumika. Hizo ni saa 8, yaani zamu nzima ya kazi.

Kuongeza kikomo peke yake si tiba, kwa kuwa kila muunganisho hutumia kumbukumbu ya seva. Tiba ni mtaalamu wa programu kuhakikisha kila muunganisho unafungwa mara kazi inapokwisha, hata pale hitilafu inapotokea njiani, au kuweka akiba ndogo ya miunganisho inayotumiwa kwa zamu.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu wake. Mfumo ukikwama, asibofye tena na tena, kwani kila ombi jipya laweza kudai muunganisho mwingine na kuzidisha msongamano. Aandike saa na maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini, awape wataalamu wa mfumo, kisha aendelee na rejista ya karatasi hadi huduma irejee.

Nawe mgonjwa, faili lisiloonekana halijafutika. Hata hivyo, katika saa hiyo daktari huenda asione kwamba una mzio wa penisilini au kwamba unatumia dawa za moyo. Mweleze mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, na uje na kadi yako ya kliniki kila mara. Muunganisho wa mashine ukikatika, mazungumzo kati ya mgonjwa na mhudumu ndiyo kinga iliyobaki.