Kanisa Lililojengwa Bila Ramani

Hapa Bulengera nimekua na tope miguuni. Baba yangu alikuwa mwashi. Sisi watoto tulikanyaga udongo mpaka ulainike, tukaujaza kwenye kalibu ya mbao, tukauanika. Usiku wa kuchoma tulikesha tukilisha tanuru magogo ya mikaratusi. Kalibu ilikuwa moja, na tofali zote zilitoka sawa.

Kwa hiyo nilipofika Blantyre, Malawi, nilisimama muda mrefu mbele ya Kanisa la St Michael and All Angels. Ni kanisa la Wapresbiteri, Wakristo wasio na askofu: usharika huongozwa na wachungaji pamoja na wazee waliochaguliwa. Misheni yao ilitoka Uskoti ikaanza hapo 1876, na mahali pakapewa jina la mji alikozaliwa David Livingstone. Kanisa lenyewe lilijengwa kati ya 1888 na 1891.

Aliyelibuni ni mchungaji David Clement Scott, ambaye hakusomea ujenzi. Mafundi wake walikuwa wenyeji, na tofali zilifyatuliwa na kuchomwa huko huko. Hapakuwa na mchoro kamili wa kufuata. Sehemu yenye mashaka walikuwa wakiipanga kwanza kwa tofali kavu, bila chokaa, wakarudi nyuma kuitazama, ndipo wakaijenga moja kwa moja. Baba angewaelewa watu wale bila mkalimani.

Tazama pembe. Tofali za pale si za kalibu moja: kuna zilizopinda kufuata tao, zilizochongoka, za mviringo kwa ajili ya nguzo. Umbo la kila moja liliamuliwa ikiwa bado tope, kwa hiyo fundi alipaswa kujua itakaa wapi ukutani kabla haijaingia motoni. Juu kuna kuba. Mbele kuna minara miwili isiyofanana, na mimi naipenda hivyo. Wapresbiteri wa Uskoti walizoea nyumba za ibada zisizo na mapambo mengi, lakini hapa matao ya Ulaya yamekutana na kuba za Mashariki, na ukuta umekubali.

Scott aliondoka Blantyre 1898. Mwaka 1901 alikwenda Kenya kuongoza misheni ya Kikuyu, mahali panapoitwa Thogoto, jina lililotokana na matamshi ya Wakikuyu ya neno Scotland. Alifariki 1907.

Niliporudi nyumbani nilichonga kalibu yenye mgongo uliopinda. Tofali ya kwanza ilipasuka kivulini, nikajua niliikausha haraka. Ya pili nikaifunika majani ya ndizi kwa siku nyingi. Baba aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza inavyolia, akaniambia nifyatue nyingine kumi na mbili, zitoshe tao la dirisha la mama.