Mtu akifa, usikimbilie TV: Anza na karatasi

Tuseme mjomba wako amefariki. Alikuwa amekodi nyumba ya vyumba viwili Manyatta, hapa Kisumu, lakini boma lake liko Bondo. Mmechanga, mwili umetoka mochari, msafara umeenda ushago, mazishi yameisha. Sasa imebaki ile nyumba ya mjini. Mwenye ploti ashaanza kuuliza kodi ya mwezi ujao, na kwenye kikao cha familia macho yote yanakugeukia: "Si wewe ndio unakaa Kisumu? Nenda ukatoe vitu."

Hii kazi hutuangukia sisi vijana, na hakuna mtu hutufunza. Ndiyo maana huwa inageuka mbio. Wa kwanza kufika anabeba TV. Wa pili anabeba mtungi wa gesi. Mwingine anakumbuka eti marehemu alimwahidi sofa. Jioni mjane anafika na kupata godoro na pazia.

Kabla uite pikapu, jua hivyo vitu bado si vyenu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Ukipatikana na hatia, ni faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuwa damu yake hakukuokoi.

Halafu kuna kifungu cha 35. Kama marehemu hakuacha wosia, na ameacha mke au mume na watoto, vitu vya nyumbani ni vya huyo mjane. Sheria inavitaja: nguo, fanicha, vyombo, mapambo, hadi chakula kilichobaki kabatini. Gari halimo, na vitu vya kazi havimo. Kwa hivyo kama mjomba alikuwa mvuvi pale Dunga, kitanda ni cha mjane, lakini mashua, injini na nyavu zinangoja msimamizi wa mirathi. (Kama ni familia ya Kiislamu, mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, na mlango wenu ni Mahakama ya Kadhi.)

Najua utaniuliza: na kodi je? Mahakama haina haraka. Kuna cheti cha kifo, barua ya chifu, ombi lenyewe, kisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja pingamizi. Hata ukipewa hati ya usimamizi, kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi sita. Mwenye ploti hawezi kungoja hivyo, na si kosa lake.

Jibu ni kuhamisha bila kugawana. Mjane awepo, au mtoto mkubwa wa marehemu. Mwiteni naibu wa chifu wa mtaa huo. Kifungu cha 46 kinampa jukumu la kufika mahali marehemu alipoishi mara ya mwisho na kusaidia kulinda mali, akiombwa na mtu mwenye haki. Pigeni picha kila chumba kabla ya kugusa kitu. Andikeni orodha, muweke sahihi, mjane abaki na nakala. Kisha vitu vyote viende mahali pamoja.

Na mkiingia, anzeni na karatasi, TV iwe ya mwisho. Waya wangu, yaani shangazi, alikuwa akiuza omena. Tulipotoa vitu vyake Nyalenda, mtu alikuwa ashatupa mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia kwenye gunia la taka. Binti yake akaufungua tu kwa sababu uligonga kama una sarafu. Ndani kulikuwa na daftari la chama na majina ya wanawake wanane waliochukua omena kwa deni. Hakuna hata mmoja aliyekana. Pesa hizo ndizo zilimrudisha yule binti shuleni muhula uliofuata. TV ilikuwa ya kizamani, na ndiyo watu wawili walikuwa wakiivutania mlangoni.

Kwa hivyo tafuta: kitambulisho, vitabu vya benki na Sacco, kadi ya NSSF, hati ya shamba, daftari la chama, risiti za kodi. Angalia chini ya godoro, ndani ya Biblia, mifuko ya koti, mikebe. Usichome karatasi yoyote siku hiyo.

Na simu yake usiifute wala kutupa laini. Meseji za benki na chama zinaingia hapo. Hata kama unajua namba ya siri, usitoe pesa. Nazo ni mali ya mirathi. Akaunti ikikaa miaka bila mtu kuiulizia, pesa hupelekwa kwa UFAA, ile mamlaka iliyoundwa na sheria ya 2011 kutunza mali za kifedha ambazo hazijadaiwa. Familia inaweza kuzidai, lakini lazima kwanza ijue zipo.

Kuna wazee watakuambia haya ni mambo ya wazungu na mahakama. Waulize basi kuhusu keyo nyinyo. Kwa Kiluo nyinyo ni chuma, na hilo ndilo jina la kugawa vitu vya marehemu, kutoka enzi ambazo mali ya mtu ilikuwa jembe na mkuki. Haikufanywa usiku na pikapu. Ilifanywa baada ya mazishi, wazee wakiwa wameketi, kila mtu akiona nani amepewa nini. Sheria inataka mashahidi, mila inataka mashahidi. Anayeharakisha mambo usiku hana mila wala sheria upande wake.

Nguo ndizo ngumu zaidi, kwa sababu bado zina harufu yake. Hizo msilazimishe mtu. Zikunjeni, muweke kwenye sanduku, mumpe mjane ufunguo. Siku akiwa tayari atasema mwenyewe nani apewe koti.