SAMAKI WAKITAGA WAACHWE, NA KIBARUA ASIACHWE NA NJAA



Kwa wengi wetu tulio viwandani Bujumbura na katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, mboga ya kawaida ni ndagala. Nyama ni ya sikukuu. Basi ziwa Tanganyika linapofungwa, habari hiyo si ya wavuvi peke yao. Inaingia mpaka katika sufuria zetu.

Nchi nne zinazogawana ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulitunza, huko Dar es Salaam mwaka 2003. Baadaye zikakubaliana kwamba uvuvi usimame miezi mitatu kwa mwaka ili samaki wazaane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Manung'uniko yalikuwa mengi, na hayakuwa ya bure. Lakini kwanza tutazame samaki wenyewe.

Ndagala anaishi mwaka mmoja hivi, basi. Asipotaga katika muda huo mfupi, uzao wake umekwisha. Hutaga mbali, kwenye maji mengi. Watoto husogea kando ya ziwa, hula na kukua hapo, kisha hurudi kilindini. Sasa mtu akiburuta kokoro mchangani, au chandarua cha mbu (nacho kilitolewa kwa ajili ya malaria!), anakomba watoto hao hao. Karai moja ya wadogo wale, kama wangeachwa wakue, yangekuwa makarai mengi. Na sisi tunaonunua tumo katika kosa hilo. Wadogo wale huuzwa rahisi, na mfuko wa mshahara ukiwa mwepesi tunawanunua.

Wapo pia kati yetu wanaovua kwa ndoano siku ya Jumapili. Hao tunawaeleza habari za kuhe. Huyu ni wa ukoo mmoja na ngege, na katika ukoo huo hakuna mkubwa kama yeye Afrika nzima. Dume na jike hulinda pamoja mayai yao, maelfu kwa maelfu, na watoto wakianguliwa huendelea kuwalinda, wakimfukuza kila anayekaribia. Wataalamu waliowachunguza wanaamini kwamba kuhe huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Ukimtoa mzazi mmoja hapo, watoto hubaki na mlinzi mmoja, na samaki wengine huwala mbele ya macho yake. Kwa hiyo ukiwaona kuhe wawili wamesimama mahali pamoja na wingu la watoto chini yao, peleka ndoano yako kwingine. Na ukiwa umekwisha kumnasa, lowesha mikono, mtoe ndoano upesi, mrudishe pale pale. Ngege naye, jike hubeba mayai mdomoni. Usimbane ukamtoa mayai. Na ziwa likifungwa, ndoano nayo ikae nyumbani.

Wako wasemao kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya joto, si nyavu. Ni kweli kwamba maji ya juu yamepata joto, na yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha hivyo. Lakini joto hatuna uwezo wa kulitoa ziwani. Kokoro tunaweza kulitoa leo.

Sasa tuje kwenye manung'uniko. Mtu wa mtumbwini ni mfanyakazi kama sisi. Anavuta nyavu za taa usiku kucha, na asubuhi anapata fungu lake baada ya mwenye chombo kutoa gharama za mafuta. Amezoea kukaa bila kazi siku za mwezi mpevu, kwa kuwa taa hazivuti samaki kukiwa na mwanga. Siku hizo anazijua, anajipanga. Miezi mitatu ni jambo jingine. Mwenye chombo anayo nyumba ya kupanga, au duka. Kibarua ana mikono tu, na akikosa fungu anakopa kwa yule yule tajiri, na deni linamrudisha mtumbwini akiwa amefungwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asiibe usiku kwenda kuvua, anakusikiliza na kesho anakwenda.

Kwa hiyo tunakubali ziwa lipumzike. Tunachokataa ni gharama yote kuwekwa juu ya mabega ya kibarua. Tarehe zitangazwe mapema mialoni. Nchi zote nne zifunge pamoja, maana samaki hajui mpaka. Nyavu haramu zikamatwe dukani kabla hazijafika majini. Na mwenye chombo awape watu wake posho miezi hiyo, isiyo deni, kwa kuwa ziwa likijaa tena ni yeye atakayevuna fungu kubwa.

Wajumbe wa matawi ya kando ya ziwa waanze kuandika majina ya vibarua wa mitumbwi, idadi ya watoto wao, na madeni waliyo nayo. Orodha hizo tunazitaka mkononi kabla ya mwezi wa Mei, tuzungumze na wenye vyombo tukiwa na hesabu.