Usingizi wa Wazee

Katika nyumba nyingi huonekana jambo hili: jogoo la kwanza halijawika, naye mzee amekwisha amka, ameketi mekoni akichochea moto. Watoto wake huingiwa na wasiwasi, na wako hata wadhanio kwamba amerogwa. Lakini madaktari wasema ya kuwa usingizi wa uzee ni mwepesi. Mzee huwahi kulala, naye huwahi kuamka.

Yapasa iangaliwe jumla ya saa alizolala. Mwaka 2015 shirika la National Sleep Foundation la Marekani lilitoa shauri kwamba mtu aliyefika miaka 65 apate usingizi wa saa 7 hata 8 kila siku. Huko London watumishi wa Serikali wapatao 8,000 walifuatwa kwa muda wa miaka 25. Habari zilizotolewa mwaka 2021 zaonyesha ya kuwa wale waliodumu kulala saa 6 au chini yake, tangu umri wa miaka 50 hata 70, hatari yao ya kupotewa na akili uzeeni ilizidi kwa kadiri ya sehemu 30 katika mia kuliko ya wale waliolala saa 7. Hayo si uthibitisho kwamba kukesha ndiko kulikoleta ugonjwa, ila ni onyo la kutosha.

Watu hushangaa zaidi wakiambiwa habari za usingizi mrefu. Uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya milioni moja, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha vifo vichache kwa wenye kulala saa 7. Waliofika saa 8 au zaidi hatari yao ilipanda, kama ya wale wa saa 6. Si kwamba usingizi ni sumu. Mara nyingi ni dalili ya maradhi yaliyojificha, kama vile ya moyo, kisukari au huzuni nyingi. Basi mzee aliyezoea saa 7, naye sasa alala saa 10 na kusinzia mchana kutwa, jamaa zake wasifurahi kwamba anapumzika. Wampeleke hospitali upesi. Vivyo hivyo yule akoromaye hata pumzi ikakatika kwa kitambo, kisha akashtuka.

Pengine kule kuamka mapema kulikuwa na faida zamani. Kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, Wahadza 33 walivishwa vyombo vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220, dakika 18 tu ndizo walizolala wote pamoja! Kambi haikukosa mlinzi, na waliozidi umri ndio waliowahi kuamka.

Dawa za usingizi asipewe mzee pasipo amri ya daktari, kwa maana humlevya, akaanguka gizani aendapo chooni na kuvunjika nyonga. Ni afadhali kwanza aache kahawa na chai kali tangu alasiri, na usingizi wake wa mchana usizidi nusu saa.