Meli Inayotupa Wavu Mahali Pasipo Samaki

Ami yangu amevua Vanga tangu ujana wake. Juzi nilimwambia kwamba huko Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, kuna meli ambazo kila mwaka hurudi kutupa wavu mahali palepale pa mwaka jana, hata pale ambapo hawakupata kitu. Akacheka. "Mwanangu, hao wana mafuta ya kuchezea."

Ami ana haki ya kucheka, lakini jawabu lipo.

Bahari yenyewe ni ya Bering, kati ya Alaska na Urusi. Tangu 1982, wanasayansi wa NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayohusika na bahari na hali ya hewa, huvua katika vituo vingi vilivyopangwa kwenye ramani ya miraba, kila mraba maili 20 za baharini. Meli ni za wavuvi, hukodishwa, ila nahodha haruhusiwi kufuata samaki. Wavu ni wa aina moja kila mwaka, hukokotwa sakafuni mwa bahari dakika 30, basi. Kinachopanda huchambuliwa kwa aina, hupimwa uzito na urefu. Baadhi ya samaki hutolewa vijiwe vya masikioni, vyenye pete za miaka, ili umri wao ujulikane. Wavuni kumefungwa kipimajoto.

Mvuvi anayehama kila walipo samaki anaweza kujaza chombo chake huku bahari inakwisha, asijue. Anayerudi palepale kwa wavu uleule huona upungufu mapema. Hata wavu mtupu huandikwa.

Hicho kipimajoto nacho si cha mapambo. Barafu ya majira ya baridi huacha sakafuni maji ya chini ya nyuzi 2, yanayobaki hadi kiangazi. Kaa wa theluji, hasa wadogo, hukaa humo kwa amani, kwa kuwa samaki wengi wanaowala huyakwepa maji hayo. Mwaka 2018 barafu ilikuwa haba mno, na maji hayo baridi yalikuwa karibu hayapo. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo kaa walionekana wengi kupita kiasi.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 meli za uchunguzi hazikutoka. Wakuu walibaki na hesabu za 2019, na kwa hesabu hizo wakapandisha kiwango cha kaa wa kuvuliwa kutoka ratili milioni 34 hadi milioni 45. Meli ziliporudi 2021, kaa hawakuwapo. Zaidi ya bilioni 10 walikuwa wametoweka tangu 2018. Oktoba 2022 uvuvi wa kaa huyo ukafungwa, mara ya kwanza katika historia yake. Kisiwa cha St. Paul, chenye wakazi mia chache waliotegemea kiwanda cha kaa, kilitangaza hali ya dharura.

Kosa ni la wavuvi? Utafiti uliotoka 2023 ulitaja zaidi njaa. Maji yakipanda kutoka nyuzi 0 hadi 3, kaa huhitaji chakula karibu maradufu, nao walikuwa wamesongamana. Jambo hili lisingejulikana bila miaka yote ile ya kupima joto na kaa pamoja, kituo kwa kituo.

Ami alinisikiliza mpaka hapo, kisha akauliza jambo moja tu: mwaka ule ambao hawakuhesabu, kwa nini waliongeza badala ya kungoja?

Nilimwambia kwamba waliamini kaa wadogo wa 2018 walikuwa wanakua.

"Waliwaona wapi?" akasema, akarudi kwenye jarife lake.

Uvuvi ulifunguliwa tena Oktoba 2024, kwa kiwango kisichofika ratili milioni 5.